Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyevuka Mipaka Yetu

Huenda jarida hili limekufikia ukiwa Kampala, au Bujumbura, au Goma, au hapa kwetu mpakani Sirari, ambapo mtu anakunywa chai Tanzania na chakula cha mchana anakila Kenya. Wahariri waliniomba niandike habari za mtu aliyetumika katika nchi zetu na ambaye amelala siku nyingi. Najua ulitegemea mhubiri, maana nami nilitajiwa majina ya wahubiri wakubwa. Nimemchagua daktari. Sababu yangu nitakuambia huko mbele, nikishapata ujasiri.

Anaitwa Denis Parsons Burkitt. Kama umewahi kuingia wodi ya watoto wenye saratani katika hospitali kubwa yoyote ya kandokando ya Ziwa Victoria, jina lake umelisikia, hata kama hukujua kuwa ni la mtu. Ugonjwa mmoja wa watoto unaitwa kwa jina hilo mpaka leo: limfoma ya Burkitt.

Alizaliwa Februari 28, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara. Kazi ikiisha mzee huyo alikuwa na jambo lake ambalo nadhani majirani walilicheka chinichini. Alikamata ndege wadogo wa bustanini, wale wenye kifua chekundu, akawavisha pete za chuma miguuni, akawaachia. Halafu akawafuatilia miaka na kuchora ramani: ndege huyu anakaa hapa, mpaka wake unaishia kwenye ua ule, na yule mwingine anaanzia pale. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo kwa kazi hiyo. Sasa, msomaji wangu, hiyo ramani usiisahau, kwa sababu mtoto alikuwa anaangalia.

Akiwa na miaka 11 Denis alipoteza jicho. Vijana wa makundi mawili walikuwa wanarushiana mawe, jiwe moja likapiga miwani yake, vipande vya kioo vikaingia jichoni. Madaktari hawakuweza kuliokoa. Kwa hiyo mtu huyu nitakayekusimulia, upasuaji wote alioufanya maishani aliufanya kwa jicho moja. Muulize daktari yeyote mpasuaji akuambie ni kazi gani kupima kina cha kidonda kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi mkali. Pale chuoni kulikuwa na wanafunzi wachache waliokutana katika chumba kimoja kusoma Neno na kuomba, naye akakaribishwa. Katika chumba hicho akampa Kristo maisha yake. Baada ya muda mfupi akaacha uhandisi na kuhamia udaktari, akiamini ameitwa huko, na kuanzia hapo hata masomo yakanyooka. Alimaliza mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu mitihani ya upasuaji Edinburgh.

Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi. Akakataliwa, kwa sababu ya jicho. Ikaja vita, akaingia jeshini kama daktari, na jeshi (ambalo halikuwa na nafasi ya kuchagua sana) likamleta Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi. Vita vilipokwisha akaomba tena, safari hii Uganda, na mwaka 1946 akapokelewa na kupelekwa Lira, wilaya ya Lango.

Fikiria Lira ya mwaka 1946. Hospitali moja, daktari mmoja, eneo kubwa, na wagonjwa wanaokuja kwa miguu. Pale kuna jambo dogo lililotokea ambalo kwangu mimi linamweleza Burkitt kuliko medali zote alizokuja kupewa. Aliona wanaume wengi wanakuja na busha. Akawapasua kama daktari mwingine yeyote. Lakini badala ya kuishia hapo akaanza kuwauliza: mzee, unatoka kijiji gani? Akaandika. Miezi ikapita, akapanga yale majina ya vijiji kwenye ramani, na kumbe wagonjwa karibu wote walikuwa wanatoka upande wa mashariki wa wilaya. Magharibi, watu wale wale, lugha ile ile, chakula karibu kile kile, ugonjwa haupo. Baadaye ikajulikana kuwa unafuata minyoo ile ya matende, inayoletwa na mbu. Umeona? Yule ni mtoto wa mtu wa ndege.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala.

Sasa tufike mwaka 1957. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote: taya la juu kulia na kushoto, taya la chini kulia na kushoto. Meno yamelegea. Burkitt hakuelewa. Ingekuwa usaha, ungekaa upande mmoja. Ingekuwa saratani aliyosoma chuoni, isingeanza mahali panne kwa mpigo. Akapiga picha, akakiri hana jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa wa hospitali ya pale. Akatupa jicho dirishani. Nje, kwenye majani, alikuwa amekaa mama na mwanawe, na uso wa mtoto ulikuwa ule ule. Aliacha alichokuwa anafanya akatoka nje. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe mwingine tumboni.

Mtoto mmoja wa namna hiyo ni ajabu. Wawili ndani ya mwezi ni habari nyingine. Burkitt alirudi Kampala akafungua majalada ya Mulago moja baada ya jingine. Watoto walikuwepo tele. Walikuwa wameandikwa kwa majina tofauti tofauti: huyu uvimbe wa taya, huyu wa figo, huyu wa ini, huyu wa ovari, huyu jicho limetokeza. Kila daktari aliandika alichokiona mbele yake na kufunga jalada. Burkitt ndiye aliyeyaweka majalada yote mezani na kuona kuwa ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Ulimwengu haukushtuka. Wataalamu wa maabara pale Mulago, akiwemo Mmarekani Gregory O'Conor, ndio waliochunguza nyama za uvimbe huo na kuonyesha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga ya mwili.

Hapa naomba niseme jambo ambalo vitabu vya kumsifu huwa vinaliruka. Ugonjwa huu wazazi wetu waliujua kabla ya Burkitt. Mama aliyekaa kwenye majani pale Jinja aliujua uso wa mwanawe kabla daktari hajaangalia dirishani. Mulago kulikuwa na wauguzi na wasaidizi Waafrika waliowaosha watoto hao, wakawatafsiria mama zao, wakawazika. Majina yao hayakuingia kwenye magonjwa. Burkitt mwenyewe hakuwa mtu wa kujikweza, alijiita daktari wa porini tu, lakini alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ndivyo mambo yalivyoandikwa nyakati zile. Nimesema, naendelea.

Mtaalamu mmoja wa saratani kutoka Johannesburg, George Oettlé, alitembelea Kampala, akaonyeshwa watoto hao, akasema kwao Afrika Kusini ugonjwa kama huo hauonekani. Wengine wangejibu asante na kuagana. Burkitt alijiuliza: kama Uganda upo na Afrika Kusini haupo, basi njiani kuna mahali unaishia. Ni wapi? Hilo ndilo swali lile lile la mpaka wa ndege.

Akapewa msaada wa pauni 25. Mpendwa, pauni 25! Kwa fedha hizo alichapa karatasi elfu moja zenye picha za watoto wenye uvimbe huo, akazituma kwa madaktari wa serikali na wa misheni Afrika nzima, akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Majibu yalipofika aliyaweka alama kwenye ramani ukutani. Ukaonekana kama mkanda umeifunga Afrika kiunoni, na mkia wake ukishuka upande wa Msumbiji. Ila ndani ya mkanda kulikuwa na mashimo. Nyanda za juu za Kenya hazikuwa na ugonjwa, wala milima ya Rwanda na Burundi. Ninyi mliokulia Byumba au Muramvya mnaweza kuwa hamjawahi kuuona. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunaujua.

Barua hazikumtosha. Alitaka kuuona mpaka kwa macho, yaani kwa jicho. Akanunua gari kuukuu la Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250, akawachukua rafiki zake wawili madaktari: Ted Williams, aliyekuwa na hospitali ya misheni Kuluva kule West Nile, na Cliff Nelson, Mkanada. Wote watatu waliookoka. Williams alikuwa fundi pia, na hiyo ilikuwa lazima, maana barabara za enzi zile wazee wetu wanazijua. Waliondoka Kampala Oktoba 7, 1961.

Walipita Tanganyika, wakashuka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, wakaingia Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha wakageuza. Wiki kumi, maili 10,000, yaani kilomita kama 16,000, hospitali zaidi ya 50. Ndani ya wiki hizo hizo Tanganyika ilipata uhuru. Kila walipofika kazi ilikuwa ile ile: wanatoa picha, wanauliza, wanatembea wodini, wanafungua daftari la hospitali, wanaandika, wanalala, asubuhi wanaanza tena. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Siku hizi nasikia mradi wa utafiti unatumia mamilioni kabla mtu hajapanda gari. Watatu hawa walikwenda na makoti yenye vumbi wakarudi na jibu.

Jibu lilikuwa hivi. Karibu na ikweta uvimbe haupandi juu ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukienda kusini mpaka huo unashuka, futi 3,000, kisha chini zaidi, mpaka mwisho unabaki kwenye tambarare za pwani tu. Burkitt alidhani tatizo ni mwinuko. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe (ndiyo hiyo hiyo ambayo virusi vya Zika viligunduliwa) aliitazama ramani akamwonyesha kuwa si mwinuko, ni joto. Mahali ambapo baridi ya usiku inashuka chini ya nyuzi 15 au 16 hivi, uvimbe haupo. Wakaongeza mvua: penye ukame nako haupo. Sasa niambie wewe uliyekulia Afrika, ni nini kinachopenda joto na mvua, na kukataa baridi na ukame?

Mbu.

Burkitt akasema basi, kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Hapo alikosea, na mimi nafurahi kukuandikia kuwa alikosea, kwa sababu kosa lake lilifungua mlango. Turudi nyuma kidogo. Machi 22, 1961, kabla ya safari ile ndefu, alikuwa likizoni London akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Katika waliohudhuria alikuwepo kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza virusi vya saratani ya kuku. Dunia ya wakati ule haikuamini kuwa saratani ya binadamu inaweza kuletwa na kirusi. Epstein alitoka pale moyo unamdunda, wakapatana na Burkitt: vipande vya uvimbe vitatoka Kampala kwa ndege, usiku, vifike London.

Zaidi ya miaka miwili vipande vikaja, na hadubini ikaonyesha si kitu. Desemba 1963 London ilifunikwa na ukungu. Ndege ikageuzwa kwenda Manchester, kifurushi kikachelewa, na kilipofika Ijumaa jioni yale maji kilimokuwemo kipande yalikuwa yamechafuka. Mtu yeyote angesema bakteria wameingia, kitupwe. Epstein akaamua kuchungulia tone moja kabla ya kutupa. Hawakuwa bakteria. Zilikuwa chembe za uvimbe wenyewe, hai, zimejitenga na kuelea, kama alivyokuwa akizitafuta kwa miaka yote ile. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza maabara. Mapema mwaka 1964 kirusi kikaonekana, na Machi wakatangaza, wao pamoja na Bert Achong. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Kinaitwa kirusi cha Epstein na Barr, na kilitoka kwa mtoto wa Uganda ambaye jina lake silijui wala wewe hulijui.

Na mbu je? Hapa wasomaji wa Arua na wa Mara mkae vizuri, habari hii ni yenu. Ilikuja kujulikana kuwa kirusi hiki hakibebwi na mbu. Kinaenea kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anacho mwilini bila kujua. Kwa hiyo swali likawa gumu zaidi: kama wote tunacho, mbona wanaougua ni watoto wa kwetu? Watafiti walikwenda West Nile kuanzia mwaka 1972 wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, wakasubiri miaka. Wachache walioota uvimbe walikuwa na alama za kirusi hicho kwenye damu kwa wingi kuliko wenzao tangu kabla ya kuugua. Na jambo la pili ni malaria. Mtoto anayeugua malaria tena na tena tangu kunyonya, kinga yake inachoshwa, zile chembe zilizobeba kirusi zinazaana bila mpangilio, na siku moja moja kati ya mamilioni inaharibika. Hapa kwetu North Mara, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto waligawiwa klorokwini kila mara kuzuia malaria, na watafiti wakawa wanahesabu uvimbe. Uvimbe ulipungua, ingawa wao wenyewe waliandika kwa tahadhari kwamba ulikuwa umeanza kushuka hata kabla dawa haijaanza. Mbu alikuwemo, basi. Ila hakuwa amebeba kile alichodhani Burkitt.

Sasa nikuambie kwa nini nimemchagua mtu huyu.

Kuna kitu kimoja madaktari wanakijua kuhusu limfoma ya Burkitt: hakuna uvimbe wa binadamu unaokua haraka kama huu. Unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Soma tena sentensi hiyo.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana ndiyo kwanza nimetoka chuo cha Biblia na cheti changu mkononi, mama mmoja wa kusanyiko nililolihudumia alimleta mwanawe wa miaka sita. Shavu limevimba. Tulisema jino. Wiki ileile jino likang'oka lenyewe bila damu nyingi, na uvimbe ukabaki. Kukawa na maneno kuhusu jirani fulani. Nikatangaza mfungo wa siku ishirini na moja. Yule mama aliniuliza kama ampeleke mtoto hospitali wakati tukiendelea kuomba, naye alikuwa na nauli. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri tumalize, tusije tukaonyesha mashaka. Si mchungaji, si wazee wa kanisa. Ni mimi. Siku ya kumi na nane jicho la mtoto lilikuwa limetokeza na tumbo limejaa. Akampeleka bila kuniaga, na alifanya vema. Walimpokea, wakampa dawa, lakini figo zilikuwa zimeshachoka. Tulimzika siku ya Jumamosi.

Katika majarida kama haya huwa tunaandika ushuhuda wa waliopona. Nimewahi kuandika mbili mimi mwenyewe, na ni za kweli. Hii sikuwahi kuiandika.

Kwa sababu unatibika, mpendwa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ya Burkitt inayonikosesha usingizi. Mulago ya miaka ile haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakiwezi kukata taya nne za mtoto. Mwaka 1960 walifika Kampala wataalamu wawili kutoka New York, Burchenal na Oettgen, wakampa dawa mpya ya saratani, methotrexate. Burkitt hakuwa mtaalamu wa dawa hizo. Alizitoa kwa kipimo kidogo, na watoto wengine walipata dozi moja au mbili tu, kwa kuwa wazazi waliona uvimbe umenywea wakarudi nyumbani kulima. Ungedhani hao wote walikufa. Burkitt alikuwa na tabia ya kuwafuata, gari hadi barabara inapoishia kisha kwa miguu, kuulizia kijijini mtoto wa fulani yuko wapi. Na baadhi yao akawakuta wanachunga mbuzi. Saratani, katika miaka ambayo hata Ulaya na Marekani kupona saratani kwa dawa peke yake kulikuwa karibu ni ndoto. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Wamarekani walipoondoka wakati wa Amin, daktari Mganda Charles Olweny akakishika. Ule mti haujakatwa.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1966. Miaka iliyofuata ilimpa umaarufu wa namna nyingine kabisa, nami nitaipitia kwa haraka, na wenye aibu wafumbe macho. Alikuwa amejiuliza kwa nini katika miaka yote ya kupasua matumbo Afrika alikutana mara chache sana na magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza. Akatuma tena barua zake kwa hospitali za misheni, kila mwezi. Na pamoja na wenzake akapima, samahani, choo. Mtu wa kijijini Uganda, anayekula muhogo, mtama na maharage, alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku. Mwanamaji wa Uingereza aliyelishwa mkate mweupe alitoa kama gramu 100, na chakula kilimkalia tumboni zaidi ya siku tatu. Burkitt akazunguka dunia kuwaambia matajiri wale nyuzinyuzi, ngano isiyokobolewa, maharage. Alisukuma jambo hilo mbele kuliko ushahidi uliokuwepo, na baadhi ya madai yake hayakusimama, ingawa mengi yamesimama. Kinachonichekesha na kunihuzunisha ni kwamba wakati Wazungu wanamsikiliza na kurudi kwenye dona, sisi tulikuwa tunapanga foleni mashineni kukoboa sembe.

Walimheshimu sana. Mwaka 1972 aliingizwa katika chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Aliendelea kuhubiri makanisani na kusimulia habari za Mungu kwa wanafunzi wa udaktari hadi uzee. Bibi Olive aliyebeba nyumba na mabinti watatu katika safari zote zile alikuwa naye hadi mwisho. Alifariki Machi 23, 1993, huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82.

Kabla sijatuma makala hii niliipeleka kwa yule mama. Bado ni mshirika, nyumba yake haiko mbali na yangu, na watoto wake wengine ni watu wazima. Nilimsomea yote, pamoja na sehemu yangu. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu aliniuliza kama yule mtoto wa Jinja alipona. Nikamwambia mwaka 1957 dawa ilikuwa bado. Akatikisa kichwa. Akaniambia nisiweke jina la mwanawe, lakini niweke dalili zote, wazi, mahali ambapo mtu ataziona, na nitaje na Kiswahili cha kila siku ili bibi anayelea mjukuu aelewe.

Basi ni hizi. Mtoto wa kati ya miaka miwili na kumi na minne hivi, taya au shavu linavimba na halina moto wala usaha. Meno yanacheza au yanang'oka kabla ya wakati. Jicho linatokeza nje. Au uso ni mzima lakini tumbo linavimba upesi na ukiligusa kuna kigumu. Au miguu inaishiwa nguvu ghafla, mtoto aliyekuwa anakimbia anashindwa kusimama. Ukiona mojawapo, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na ambaye hana nauli aje kwangu hapa Sirari, nyumba ya tatu baada ya kanisa, mchana au usiku.